Sukari ilipanda, Bibi akaamka, tukadhani kazi imekwisha

Alifika wodini saa 11:25 jioni, siku ya 19 ya Ramadhani, machela ikisukumwa na mwanawe kwa sababu mhudumu alikuwa ameitwa kwingine. Bibi wa miaka 71. Karatasi ya rufaa kutoka zahanati ilikuwa na maneno machache: kiharusi, upande wa kushoto, tunaomba msaada zaidi. Mapokezi waliongeza presha, 178/96, wakaandika alazwe wodi ya magonjwa ya ndani, daktari atamwona hukohuko. Mtu mwenye presha, sukari ya miaka 11, mdomo uliokwenda upande na mkono uliolala kitandani kama si wake: hakuna aliyekosea kufikiria kiharusi. Hata mimi ningeandika hivyohivyo.

Kilichonisimamisha ni jasho. Feni ilikuwa ikizunguka juu yake na wagonjwa wenzake wamejifunika kanga, yeye gauni limegandamana mgongoni na shingo imejaa kijasho chembamba, cha baridi. Nilimgusa paji la uso nikarudisha mkono. Nyuzi 35.9. Mapigo ya moyo 58, tulivu kabisa, na hilo lilinichanganya, maana mtu anayetoka jasho namna ile kwa kawaida moyo wake unakwenda mbio. Fahamu nilimpa 9 kati ya 15 kwa kipimo cha Glasgow: macho 2, maneno 2, mwili 5. Hakuwa anaongea, alikuwa ananguruma.

"Sista, amepigwa na upepo," mkwewe aliniambia kwa sauti ya chini. "Alilala baada ya adhuhuri, nilipokwenda kumwamsha alasiri nikamkuta hivi."

Nikachukua mashine ya sukari. Mapokezi stripu zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi, na ndiyo sababu hakupimwa kule. Sisi kwenye kopo letu zilibaki 9, kwa wodi yenye wagonjwa 34. Nilitoboa kidole cha mkono wa kulia, nikafuta, nikapima: 6.8.

Hapo ndipo kisa hiki kingeweza kuishia. Sukari 6.8 ni nzuri kuliko ya wengi wetu tuliokuwa tumesimama pale. Lakini nilipoachia kile kidole, glavu yangu ilinata.

"Mmempa nini?"

Mwanawe akajibu kwamba njiani, ndani ya bajaji, walimpaka asali mdomoni. Bibi alikuwa akiisukuma kwa mkono wa kulia. Mambo mawili yalinipita kichwani kwa pamoja. La kwanza, namshukuru Mungu haikumpalia, maana mtu mwenye fahamu 9 hamezi, na asali ile ingeweza kuingia mapafuni. La pili, nimepima asali, sijapima damu. Pamba yenye spiriti haitoshi kuondoa sukari iliyoganda kwenye ngozi. Kidole kinaoshwa kwa maji na kukaushwa. Nikaosha mkono wa kushoto, ule uliolegea, nikatoboa, nikafuta tone la kwanza, nikapima la pili. 1.6.

Nilimpigia daktari wa zamu.

"Sukari 1.6."

"Rudia."

"Hiyo ndiyo ya kurudia, daktari. Ya kwanza ilikuwa na asali."

Alikuja mbio.

Kwa mgonjwa wa sukari, chini ya 4.0 tunasema imeshuka, na chini ya 3.0 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula. Ubongo hauna ghala la maana la sukari, unategemea ile inayopita kwenye damu dakika hiyo. Ikikatika, mtu huchanganyikiwa, hupiga kelele, hupata degedege, huzimia, na wachache hupooza upande mmoja kama mtu wa kiharusi hasa. Hilo la mwisho ndilo hutuponza. Tofauti yake na kiharusi ni kwamba ukimrudishia sukari mapema, mkono nao unarudi.

Kanula niliiweka kwenye mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko, nikapitisha maji kwanza kuhakikisha iko ndani. Dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50 ni nzito, inaunguza mshipa, na ikivujia nje inaua nyama. Chupa ya mililita 50 ina gramu 25 za sukari. Niliichanganya na kiasi hichohicho cha maji ya sindano ikawa asilimia 25, nikaisukuma taratibu kwa kama dakika 10 huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya mshipa. Katikati ya bomba la pili alifumbua macho. Lilipokwisha alinyanyua mkono wa kushoto na kujipangusa mdomo. Alitazama dripu, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti kavu:

"Nani kanifungulia swaumu yangu?"

Nakiri nilicheka. Saa 12:05 sukari ilikuwa 8.9, fahamu 14, mdomo umenyooka. Mwanawe alitoka nje akarudi macho mekundu.

Wodi yote ilikuwa na furaha, na mimi nikiwa ndani yake. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia. "Sista, si amepona? Tumchukue akafuturu nyumbani." Hata daktari alikuwa na wazo la kumwangalia saa moja, akila vizuri aende. Niliuliza tu anameza nini. Mkwewe akafungua mfuko wa rambo: metformini ya sukari, atenololi ya presha, diklofenaki ya maumivu, na glibenklamidi ya miligramu 5, nayo ya sukari. Alipoiona ile ya mwisho, daktari hakuzungumzia tena habari ya kumruhusu.

Dawa ile hulikamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi siku nzima. Ini likishakivunja, mabaki yake bado yana nguvu, na karibu nusu yake hutoka kwa njia ya figo. Kwa mzee ambaye figo zimechoka, mabaki yanakaa na kazi inaendelea. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu, limeweka gliklazidi na kuandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Huku kwetu bado naiona kwenye mifuko ya wazee kila wiki, kwa sababu ni rahisi na imezoeleka.

Kuna jambo jingine ambalo wengi tunalisahau. Kongosho lililokamuliwa na dawa hii likiona sukari nyingi imeingia ghafla, nalo linajibu kwa insulini nyingi zaidi. Kwa hiyo lile bomba lililomwamsha Bibi lilikuwa pia linaandaa kushuka kwa pili. Ipo dawa ya kulinyamazisha kongosho, oktreotidi, lakini wodini kwetu sijawahi kuishika. Glukagoni nayo haikuwepo, na hata ingekuwepo nisingeitegemea: inafanya kazi kwa kutoa akiba ya sukari kwenye ini, na mzee ambaye tangu jana hajala vizuri ana akiba gani? Tulichokuwa nacho ni dripu, chakula na kipimo.

Daktari aliagiza dekstrosi ya asilimia 10. Stoo ilikuwa na ya 5 tu, kwa hiyo nilitoa mililita 50 kwenye chupa ya 500 nikaweka mililita 50 za ile ya asilimia 50. Inakaribia 10, pungufu kidogo. Miguu yake ilikuwa imevimba kwenye vifundo, hatukutaka kumjaza maji, tukakubaliana mililita 75 kwa saa. Hatuna pampu. Kwa mrija wetu wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 25 kwa dakika, unahesabu kwa saa ya mkononi. Ilianza saa 12:20. Alinyweshwa maji kijiko kimoja, nikasikiliza kama sauti inabadilika au anakohoa, akameza salama, akafuturu kwa bakuli la uji na nusu kipande cha mhogo. Damu ya kupima figo ilikwenda maabara. Saa 1:20 usiku nilipima tena: 7.4.

Saa 1:30 nilikabidhi zamu.

Usiku

Sehemu hii naiandika polepole kwa sababu ndimo nilimokosea.

Nilimkabidhi mwenzangu kitandani, mgonjwa mbele yetu, kama inavyotakiwa. Nilimweleza kwa mdomo: kila saa kwa saa nne, baada ya hapo kila saa mbili mpaka asubuhi, ikishuka chini ya 5 ita daktari, chupa ikikaribia kwisha tayarisha nyingine. Yeye akaitikia kwa kichwa. Halafu nikaandika kwenye faili maneno mawili: "Fuatilia sukari." Nilikuwa nimefunga, nina njaa, daladala za mwisho zinaondoka. Hiyo nimeitaja, lakini siifanyi udhuru.

Mwenzangu alikuwa peke yake na mhudumu mmoja kwa wagonjwa 34. Saa 4 usiku mgonjwa wa kitanda cha 11 alianza kukata roho, na yale niliyosema kwa mdomo yakazama humo. Yakabaki yale maneno mawili. Yeye alifuatilia, na ushahidi upo: saa 3 usiku 6.1, saa 5 usiku 5.2. Kila namba, ukiitazama peke yake, ni ya mtu mzima wa afya. Stripu zilikuwa zimebaki tatu, na kulikuwa na wagonjwa wengine watatu wa sukari waliokuwa wakizisubiri asubuhi. Akaona Bibi amelala vizuri, akamwacha.

Zipange sasa zile namba kwa mstari: 8.9, 7.4, 6.1, 5.2. Zinateremka ngazi moja baada ya nyingine, na zinateremka huku sukari ikiingia mshipani matone 25 kila dakika na uji uko tumboni. Kwa mtu aliyemeza dawa ile, kuteremka hivyo ni dalili kwamba bado inafanya kazi. Ile 5.2 ilikuwa inapiga kelele, lakini iliandikwa ukurasa mwingine wa faili, mbali na zenzake, katikati ya maelezo ya joto na presha. Mstari haukuonekana kwa sababu haukuwepo mahali pamoja.

Chupa ilitakiwa kwisha saa 7 usiku. Haikwisha. Wakati fulani baada ya saa 5 Bibi alikunja mkono usingizini, na kanula iliyokuwa kwenye kiwiko ikatoka mshipani. Matone yaliendelea kudondoka kidogokidogo kwenye nyama, hivyo kwa macho ya mtu anayepita dripu "inakwenda". Kiwiko nilikichagua mimi, na wakati wa dharura kilikuwa sahihi. Kwa dripu ya usiku mzima nilipaswa kuhamia kwenye mkono wa chini, pahali pasipokunjwa, nikafunga bendeji.

Saa 8:40 usiku aliyemwokoa hakuwa sisi. Mama anayemuuguza binti yake kitanda cha jirani alimwendea muuguzi mezani: "Nesi, yule bibi anaita watu. Anamwita marehemu mumewe aje ale." Wengine tungesema mzee anaweweseka. Mwenzangu alikwenda. Jasho. Sukari 2.1.

Alichofanya hapo nakisifu. Mshipa hakuupata, alijaribu mara mbili akaacha kupoteza muda. Bibi alikuwa anafumba na kufumbua, anajibu jina lake, fahamu 13, na alipopewa maji kidogo akiwa ameketishwa alimeza bila kukohoa. Akamkorogea vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye nusu glasi ya maji, akamnywesha. Dakika 15, akapima: 3.3. Akarudia glasi. Dakika 15: 4.6. Ndipo akamlisha uji uliobaki kwenye chupa ya jirani, maana sukari tupu ingepanda na kudondoka tena, akamwita daktari, kanula mpya ikapatikana mgongoni mwa mkono. Stripu zote tatu zilikwisha, moja juu ya jingine. Mkono uliovimba waliuinua juu ya mto; ngozi haikuharibika, kwa sababu ilikuwa ya asilimia 10. Ingekuwa ile ya 50 leo ningekuwa naandika kisa kingine.

Asubuhi

Nilipofika alfajiri nilikuta karatasi ya maabara: kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja, 198. Kwa mwanamke wa umri wake, hiyo inaweka uchujaji wa figo kwenye 23 hivi, ambapo figo yenye afya iko juu ya 90. Kiwango hicho metformini nayo haitakiwi, huondolewa ikifika chini ya 30. Atenololi hutolewa na figo hizohizo, na ndiyo iliyokuwa imemfunika: dawa za kundi lile huzuia moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho hazilizuii. Ndiyo maana nilikutana na mapigo 58 na gauni limelowa. Mgonjwa anayemeza dawa hiyo, jasho la baridi huenda ikawa ndiyo kengele pekee inayobaki, na tuliilalia usingizi mara moja, hatukuwa na haki ya kuilalia mara ya pili.

Diklofenaki ilikuwa ya magoti. Alinunua duka la dawa wiki mbili kabla, bila cheti, akawa anameza huku anafunga mchana kutwa kwenye joto letu bila maji. Figo zilizokuwa zimechoka zikapigwa mateke.

Lakini bado kitu hakikukaa sawa. Bibi alikuwa kwenye dozi ileile kwa miaka, na siku 18 za Ramadhani ile zilipita salama. Nilikaa kitandani kwake wakati wa kumgeuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile siku, daku ulikula nini?"

"Chai. Na kipande cha mkate. Chakula kilikuwa hakinipandi."

"Na vidonge?"

"Nilimeza. Na vya jioni pia nilikuwa nimevisahau, nikavilipa hapohapo. Sikutaka kulala na deni."

Alikuwa amemeza vidonge viwili vya glibenklamidi kwa pamoja, juu ya kipande cha mkate, kisha akafunga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kidonge cha sukari kilichopitiliza wakati wake hakilipwi. Na mimi katika historia niliyochukua jana yake niliuliza anameza dawa gani, sikuuliza alimezaje. Mtu aliyelelewa kulipa swala iliyompita na swaumu iliyompita, ukimpa kidonge bila maelezo, atakilipa pia.

Dripu ilikaa saa 41 tangu ilipoanza. Tulikuwa tunaipunguza kidogokidogo, kila saa mbili kipimo, hatukuizima ghafla. Kila vipimo vilipotulia juu ya 6 mara tatu mfululizo tulishusha matone matano. Stripu tulizipata kwa kuazima wodi ya wazazi. Wakati huo nilichora kwa rula kwenye karatasi tupu jedwali la safu tano: saa, sukari, fahamu, hali ya kanula, nilichofanya. Chini nikaandika kwa wino mwekundu: chini ya 5 mwite daktari, chini ya 4 mpe sukari kisha mwite. Kwenye safu ya saa nilijaza kabisa saa zote za usiku, namba zikawa tupu zikisubiri. Mwenzangu wa usiku aliitazama akasema, "Hii ungenipa juzi." Sikuwa na jibu.

Aliporuhusiwa siku ya sita kreatinini ilikuwa imeshuka hadi 151. Glibenklamidi, metformini na diklofenaki ziliondolewa, presha akahamishiwa amlodipini. Sukari bila dawa yoyote ilikuwa ikicheza kati ya 9 na 13, na daktari bingwa alimwacha hivyo mpaka kliniki ya wiki inayofuata. Familia ilishtuka: miaka 11 wameambiwa wakimbize namba chini. Kwa mzee wa umri ule, mwenye figo zile, 12 kwa wiki moja haimuui. Ile 1.6 ilikuwa imuue jioni moja.

Suala la kufunga lilikuwa gumu kuliko dripu. Nilianza vibaya, nikamwambia hospitali imekataza. Alinitazama kama mtoto. "Nafunga tangu sijavunja ungo." Siku iliyofuata mwanawe alimleta kaka yake Bibi, mwalimu wa madrasa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza figo, dawa, na kwamba ameshuka mara mbili. Hakunihutubia wala hakumhutubia dada yake. Alimwambia tu kwamba mgonjwa asiyetarajia kuweza amewekewa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku kwa maskini, na kwamba yeye mwenyewe atazihesabu siku. Akaongeza kuwa kutobolewa kidole hakuvunji swaumu, jambo ambalo nimelitumia kwa wagonjwa wengi tangu siku ile, kwa sababu wengi hawapimi mchana wa Ramadhani kwa hofu hiyo.

Kliniki alikuja Shawwal tarehe 4, amevaa baibui jipya, kwa miguu yake kutoka kituoni. Sukari 10.2, presha 148/84. Mkono wa kushoto ulishika mkoba bila tatizo. Nilimwomba mfuko wa dawa, akautoa: kasha moja tu la amlodipini.

"Ndiye wewe uliyenifungulia?" aliniuliza.

"Ndiye mimi, bibi."

"Kaka yangu kanilipia zile nyingine zote. Ile ya kumi na tisa nimemkatalia. Hiyo iko kwako."

Siku ya malipo nilinunua kibaba cha mchele.